Injini Inayotetemeka Motokaa Ikiwa Imesimama

Mtu aingiaye katika motokaa ya abiria pale Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, huisikia injini kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Dereva ameiwasha, naye anangoja kiti cha mwisho kijae. Wakati huo kioo kidogo cha juu kinatikisika, mlango unalia, na kiti kinatetemeka chini ya abiria. Wengine hawajali, na wengine huulizana kama motokaa hiyo itafika Rongo. Lakini mwenye motokaa, ambaye chakula cha nyumba yake na karo ya wanawe hutoka katika chombo hicho kimoja, ana swali zito kuliko la abiria: je, mtetemo huu ni tabia ya injini, au ni ugonjwa unaoanza?

Swali hili lina gharama kwa pande zote mbili. Yule adhaniaye kila mtetemo ni ugonjwa hubadilishiwa plagi leo, koili kesho, na pampu ya mafuta kesho kutwa, mpaka fedha zinakwisha na mtetemo uko pale pale. Yule adhaniaye kila mtetemo ni tabia huendelea na safari zake, mpaka siku injini inapozimika usiku njiani, naye amembeba mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Jibu la kweli laweza kujulikana na mtu yeyote mwenye masikio, mikono na subira, hata kama hajapata kushika spana maishani mwake.

MASHINE YA KUSAGA UNGA

Ili kulielewa jambo hili, pazuri pa kuanzia ni kwenye mashine ya kusaga unga, si katika karakana ya motokaa. Kwa miaka mingi watu wa Nyanza, kama wenzao wengi wa Afrika Mashariki, wamesagiwa mahindi na mtama kwa injini za dizeli zenye silinda moja tu. Zilizopata sifa kubwa ni zile za kampuni ya Lister ya Uingereza, zilizoanza kuuzwa karibu na mwaka 1930. Aina yake moja iliyoenea sana, ya nguvu za farasi 6, ilizunguka mara 650 kwa dakika. Injini ya namna hiyo hufanya kazi kwa hatua nne: huvuta hewa, huikandamiza, huchoma mafuta, kisha hutoa moshi. Hatua hizo nne huchukua mizunguko miwili, kwa hiyo moto huwaka mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Mizunguko 650 ikigawanywa kwa mbili ni mipigo 325 kwa dakika, yaani mipigo mitano na kitu kwa kila sekunde. Ndiyo maana mtu aliye mbali na soko huweza karibu kuihesabu.

Kila mpigo ni kama pigo la nyundo. Baada yake pistoni husafiri kitambo bila kusukumwa na chochote isipokuwa uzito wa magurudumu mawili makubwa ya chuma yanayoendelea kuzunguka ubavuni mwa injini. Mashine hiyo hufungwa kwa bolti katika saruji, na hata hivyo anayesimama karibu nayo huisikia ardhi ikitikisika chini ya nyayo zake. Wala hakuna mama aliyeleta debe lake la mahindi akasema kwamba mashine ni mbovu kwa sababu inatetemeka.

Injini ya motokaa ni ndugu wa mashine hiyo. Mjerumani Nikolaus Otto aliifanya injini ya hatua nne ifanye kazi vyema mwaka 1876, na injini nyingi za petroli zilizoko barabarani bado zafuata njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba motokaa nyingi zina silinda nne badala ya moja, na mipigo yao imepangwa kwa zamu. Motokaa yenye silinda nne, inapokuwa imewashwa bila kwenda wala kukanyagwa mafuta, huzunguka kiasi cha mara 750 kwa dakika. Mafundi wengi wa Tanzania huiita hali hiyo sailensa. Katika kila mzunguko hupiga mara mbili, basi hiyo ni mipigo 1,500 kwa dakika, au 25 kwa sekunde. Sikio haliwezi tena kuihesabu mipigo hiyo. Huisikia kama mngurumo mmoja, na mkono uliowekwa juu ya usukani huisikia kama mnong'ono.

Kwa hesabu hiyo hiyo mtu aweza kutambua kwa nini motokaa mbili zote nzima hazitetemeki sawasawa. Iko Toyota Vitz ya injini ndogo ya lita moja, iliyoanza kupewa silinda tatu mwaka 2005, ambayo imeingia kwa wingi katika miji ya Kenya. Silinda tatu, kwa mizunguko 800, hutoa mipigo 20 tu kwa sekunde, tena kila mpigo una nafasi kubwa nyuma yake. Mtu aliyezoea Probox yenye silinda nne, akinunua Vitz ya silinda tatu, aweza kudhani ameuziwa injini mbovu, hali injini ni nzima kabisa. Motokaa ya silinda sita, nayo, hupiga mara 35 kwa sekunde kwa mizunguko 700, na mwenye nayo aweza kusahau kwamba ameiwasha. Injini ya dizeli hutetemeka zaidi ya ya petroli, maana huikandamiza hewa kwa nguvu nyingi zaidi na moto wake hupiga kwa ukali. Anayeendesha trekta ya Massey Ferguson 135 ya dizeli, mtambo wa silinda tatu ulioanza kutengenezwa mwaka 1964, akiusikia mtetemo mpaka kwenye meno, hana sababu ya kumwita fundi kwa hilo peke yake.

KWA NINI IKIWA IMESIMAMA?

Watu wengi hushangaa kwamba motokaa itetemekayo imesimama hutulia mara inaposhika njia. Huona kama mambo yamegeuzwa, maana injini inayofanya kazi nyingi ingepasa kutetemeka zaidi. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini, ambalo kazi yake ni kuuchukua mpigo mmoja na kuupeleka hadi mpigo unaofuata. Nguvu inayowekwa katika gurudumu hilo huongezeka mara nne kila mwendo unapoongezeka mara mbili. Kwa hiyo likizunguka polepole huwa limebeba akiba ndogo. Kila silinda inapokandamiza hewa, mwendo hupungua kidogo, na moto unapowaka mwendo huruka. Mruko huo mdogo, mara 25 kwa sekunde, hujaribu kuipindua injini nzima upande mmoja kisha kuirudisha.

Ya pili ni mipira. Injini haikukaa juu ya chuma cha motokaa. Imekaa juu ya mipira mitatu au minne minene iliyoshikwa na vyuma, ambayo mafundi wa Kenya huiita mauntini. Mipira hiyo huzuia vizuri mitetemo ya haraka, lakini ile ya polepole hupenya. Mfano wake ni mashua iliyofungwa ufukoni Homa Bay. Mawimbi madogo ya haraka huipiga ubavuni wala haiyumbi, bali wimbi refu lijapo polepole huinua chombo kizima. Vivyo hivyo injini iliyokaa juu ya mipira ina mwendo wake wa asili wa kuyumba, aghalabu kati ya mara 6 na mara 12 kwa sekunde. Mipigo 25 kwa sekunde iko juu ya mwendo huo, ndiyo sababu mipira huweza kuimeza sehemu kubwa, ingawa si yote. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, mipigo ikawa 40, motokaa hutulia kabisa.

Waingereza na Wajapani wamejitahidi sana kuondoa kile kinachobaki. Mhandisi Frederick Lanchester wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, alibuni fito za chuma zenye uzito upande mmoja, zizungukazo ndani ya injini kinyume cha mtetemo ili kuufuta. Kampuni ya Mitsubishi ya Ujapani iliweka fito za namna hiyo katika injini zake za silinda nne mwaka 1975. Lakini hizo hufuta hasa mtetemo wa mwendo wa kasi, utokanao na pistoni kupanda na kushuka. Mpigo wa moto wakati motokaa imesimama haufutwi nazo. Basi yafaa ifahamike wazi: mtetemo mdogo, wa sawasawa, uliokuwapo tangu motokaa ilipokuwa nzima, ni tabia ya injini, wala hakuna fundi awezaye kuuondoa wote. Anayeahidi hivyo anauza maneno.

MPIGO ULIOPOTEA

Ugonjwa huanza pale usawa unapopotea. Tuseme silinda moja kati ya nne haiwaki, kwa sababu plagi yake imekufa. Mipigo inayobaki ni mitatu na pengo, mitatu na pengo. Pengo hilo hurudi mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 800 kwa dakika hiyo ni mara 400 kwa dakika, karibu mara saba kwa sekunde. Na hapa ndipo shida ilipo, maana mara saba kwa sekunde huangukia ndani ya ule mwendo wa asili wa injini kuyumba juu ya mipira yake. Ni kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kila bembea inaporudi: nguvu ni ndogo lakini inafika kwa wakati wake, na bembea hupaa. Hivyo silinda moja tu ikifa, motokaa nzima hutikisika mpaka kofia iliyowekwa juu ya dashibodi inaanguka.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kupima ni mpangilio wa mtetemo, kabla ya ukubwa wake. Anayetaka kujua na asimame nyuma ya motokaa, aweke kiganja mbele ya bomba la moshi, mbali kidogo asije akaungua. Pumzi ya injini nzima hutoka sawasawa kama maji ya mfereji. Pumzi ya injini yenye silinda iliyokufa hukatika: puf, puf, puf, kimya, puf, puf, puf, kimya. Na iwe mahali pa wazi. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu wengi katika mabanda yaliyofungwa. Hakuna kipimo chochote cha injini kifanywacho ndani ya banda lenye mlango uliofungwa, hata kama mvua inanyesha.

Jambo la pili ni kuuliza mtetemo unabadilika na nini. Injini iliyowashwa asubuhi ikiwa baridi huzunguka kwa kasi zaidi na kwa ukali kidogo, na baada ya dakika chache hutulia. Hiyo ni kawaida. Ikitetemeka sana ikiwa baridi na kuacha ikipata moto, aghalabu plagi zimechoka au hewa inapenya mahali. Ikiwa njema asubuhi na mbaya baada ya kupata moto, fundi atazame koili na vali. Motokaa ya gia za otomatiki, ikiwa imewekwa kwenye gia ya kwenda na kuzuiwa kwa breki, hutetemeka kidogo zaidi kuliko ikiwa huru, kwa kuwa injini inasukuma na kuzuiwa. Ikiwa tofauti hiyo ni ndogo, na iachwe. Kipozea hewa kikiwashwa, au usukani ukikatwa mpaka mwisho, injini hubeba mzigo na kulegea mara moja kisha kujirudisha. Hilo pia si ugonjwa, isipokuwa injini ikikaribia kuzimika.

Mtetemo unaoanza motokaa ikiwa barabarani, mathalan kwenye kilomita 80 kwa saa, na kwisha ikisimama, hauhusiki na habari hii. Huo ni wa magurudumu na tairi.

Na taa ya injini iliyo kwenye dashibodi isisahauliwe. Ikiwaka na kukaa, mwenye motokaa ana nafasi ya kupanga siku ya kumwona fundi. Ikiwaka na kuzimika, ikipepesa kama jicho, maana yake petroli isiyochomwa inaingia katika bomba la moshi. Huko huunguza kile kichungi cha kusafishia moshi, ambacho bei yake yaweza kupita ya plagi nyingi. Motokaa na isimamishwe. Wapo madereva walioziba taa hiyo kwa kipande cha karatasi nyeusi ili abiria wasiulize maswali, na kwa hakika huo ndio ukarabati wa bei rahisi kuliko wote, mpaka siku ya kulipa.

MAFUTA, HEWA NA CHECHE

Injini inapokosa usawa, karibu kila mara sababu ni moja ya tatu: cheche haifiki, mafuta hayatoshi au ni mabaya, au hewa si kiasi chake. Fundi mwenye busara huanza na vitu vya bei ndogo.

Plagi huonekana kwa macho. Yenye afya ina rangi ya kahawia kama mchanga mkavu. Nyeusi yenye masizi hueleza petroli nyingi kuliko hewa. Yenye mafuta mabichi hueleza injini iliyoanza kuvuja ndani. Katika jambo hili fundi asijionyeshe ushujaa kwa kushika nyaya za plagi kwa mkono injini ikizunguka. Umeme wake hupita volti 20,000, na kwa mtu mwenye moyo dhaifu waweza kuwa wa hatari.

Hewa huharibika kwa njia mbili. Vumbi la barabara za ndani, kati ya mvua na mvua, hujaza chujio mpaka injini inapumua kwa shida. Au mpira mdogo wa hewa nyuma ya injini unapasuka, na hewa isiyopimwa inaingia. Injini hutetemeka ikiwa imesimama, lakini ikikanyagwa hutengemaa, maana kijitundu kile ni kitu kikubwa injini inapovuta hewa kidogo, na ni si kitu inapovuta nyingi. Mlio mwembamba kama wa filimbi mara nyingi huonyesha mahali penyewe. Kwa motokaa kuukuu za kabureta kuna jambo jingine. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,130 juu ya bahari, na Rangwe iko juu zaidi ya hapo. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli nyingi mno ikifika huku, na injini hutoa moshi mweusi na kutetemeka mpaka ipimwe upya. Motokaa zenye vipimo vya umeme hujirekebisha zenyewe.

Habari ya mafuta ni ndefu zaidi. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli na petroli nchini Kenya kwa miaka mingi, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya humo ili kupata faida. Uovu huo ulienea hata Serikali ya Kenya, mwaka 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa kusudi la kuondoa faida ya kuchanganya. Injini iliyonyweshwa petroli yenye mafuta ya taa huwaka kwa shida, hugonga inapopanda mlima, na hukosa usawa ikiwa imesimama. Kwa hiyo mwenye motokaa ambayo mtetemo wake umeanza ghafla na ajiulize kwanza: ulianza baada ya kujaza mafuta wapi? Kama ulianza siku ile ile, au kesho yake, asinunue plagi kwanza. Na atazame pia maji, hasa wakati wa masika, kama mafuta yalinunuliwa katika madumu yaliyokaa nje.

Yakiisha hayo ndipo fundi aende kwenye yale ya gharama: nozeli zilizoziba, vali zisizofunga, gasketi iliyopasuka. Kabla ya kufungua injini, apime nguvu ya kukandamiza ya kila silinda kwa geji. Kazi hiyo ni ya saa moja tu, na karakana isiyo na geji haina haki ya kusema kwamba injini yahitaji kufunguliwa.

MIPIRA ILIYOCHOKA

Lakini mara nyingi injini yenyewe haina kosa. Inapiga sawasawa, pumzi ya bomba la moshi ni ya sawasawa, mafuta ni mazuri, na motokaa bado inatikisika. Hapo yafaa kutazama ile mipira. Barabara zenye mashimo huitesa, joto huikausha, na mafuta yanayovuja kutoka juu ya injini huilainisha mpaka inakuwa kama ugali uliolowa. Mipira mingine ya kisasa ina maji mazito ndani yake. Ikipasuka, huacha alama nyeusi za unyevu zinazoteremka kwenye chuma.

Kuipima kunahitaji watu wawili na uangalifu. Magurudumu yawekewe mawe mbele na nyuma, breki ya mkono ivutwe, na mmoja akae ndani akiikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mwenziwe asimame kando, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya motokaa, boneti ikiwa wazi. Aliye ndani, bila kugusa mafuta, aweke gia ya kwenda, angoje kidogo, kisha ya kurudi nyuma. Injini nzima itainama kidogo upande huu na upande ule. Ikiruka kwa vidole vitatu au vinne, au ikigonga chuma kwa sauti, mpira mmoja umekatika. Kwa motokaa ya klachi, hilo hilo huonekana injini inapowashwa na kuzimwa.

Mpira uliokatika si jambo la starehe tu. Injini inayorukaruka hukata mipira ya maji ya rejeta, huvuta nyaya, huvunja bomba la moshi kwenye kiungo, na kuipitisha mizigo yote kwenye mipira iliyobaki, ambayo nayo hufa mmoja baada ya mwingine. Bomba likivunjika chini ya sakafu, ule moshi wa sumu waweza kuingia walipo abiria.

Wako mafundi wanaokata vipande vya tairi kuukuu na kuviweka badala ya mpira uliochoka. Motokaa hutembea, na bei ni ndogo. Lakini mpira wa tairi umetengenezwa kwa nyuzi ngumu ndani yake ili ubebe mzigo barabarani, nao haukubali kubonyea. Mtetemo wote wa injini hupita moja kwa moja mpaka kwenye kiti, na mwenye motokaa huanza tena kutafuta ugonjwa katika plagi. Kwa kufika nyumbani jioni, kipande cha tairi kinafaa. Kwa mwaka mzima hakifai.

Anayekwenda kununua motokaa iliyokwisha tumika na amwombe muuzaji kwa adabu asiiwashe kabla hajafika. Injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, aombe kurudi siku nyingine asubuhi. Kisha aiwashe mwenyewe, redio ikiwa imezimwa na madirisha yakiwa wazi, akae kitini dakika kumi bila kusema neno. Mtetemo mdogo wa sawasawa asiuogope. Ukiwa mkubwa kuliko wa motokaa nyingine ya aina ile ile, mwaka ule ule, aulize. Na kulinganisha huko ni kipimo chema kuliko maneno ya muuzaji na ya rafiki zake wote.

Na anayebadilisha mipira ainunue ya aina ya motokaa yake, akitazama kwanza kama uvujaji wa mafuta juu yake umezibwa, maana mpira mpya chini ya mafuta yanayodondoka hautadumu. Nati zake zifungwe kwa vidole kwanza, injini ishushwe mpaka ikae kwa uzito wake wote, itikiswe kidogo ijipange, ndipo zikazwe kwa spana. Zikikazwa injini ikiwa bado imeinuliwa kwa jeki, mpira mpya huwa umepindika tangu siku ya kwanza, na motokaa itatetemeka kuliko hapo awali. Baada ya siku chache za safari, fundi azijaribu tena nati hizo kwa spana ile ile.